Wavamizi 36 ndani ya baiti 128: jinsi Space Invaders ilivyoingia kwenye Atari

Ujumbe mfupi wa simu, ile SMS ya kawaida ya herufi 160, unabeba baiti 140. Memori yote ya kufanyia kazi ndani ya Atari VCS, mashine ya gemu iliyoingia madukani Marekani mwaka 1977, ilikuwa baiti 128. Meseji moja iliyojaa ya kukukumbusha mchango wa harusi imeshazidi kila kitu ambacho mashine ile iliweza kukumbuka kwa wakati mmoja: alama za mchezaji, mahali aliposimama, risasi ilikofika, nani kafa na nani bado yuko hai.

Mwaka 1980 mashine hiyohiyo ilionyesha kwenye TV wavamizi 36 wakitembea pamoja kama kikosi cha gwaride, ngao tatu zinazobomoka kidogo kidogo, mabomu yakishuka, na chombo cha kamanda kikikatiza juu ya wote. Wavamizi wametulia machoni, hawamemetuki. Watu wakiielezea gemu hii husema ilikuwa ile ya kwenye kumbi za gemu, ila imekandamizwa ili itoshe. Mimi sikubaliani na neno hilo. Ukikandamiza kitu kikubwa unapata kilekile kikiwa kidogo, na hapa haikuwa hivyo. Mashine ya kwenye kumbi ilihifadhi picha. Atari haikuhifadhi picha yoyote, na tofauti hiyo ndiyo yenye hadithi nzima.

Tuanze na ile ya kumbi. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Ndani ya kabati lake kulikuwa na prosesa ya Intel 8080 na memori ya kilobaiti 8, na kati ya hizo 7 zilikuwa za picha tu. Hesabu yake inaeleweka: kioo kina nukta 224 kwa 256, kila nukta ni biti moja, ama imewaka ama imezimwa. Ukizidisha na kugawa kwa nane unapata baiti 7,168. Programu ikitaka kumsogeza mvamizi, inamfuta mahali alipo ndani ya memori hiyo na kumchora pembeni kidogo. Saketi nyingine inapita kila mara kuisoma memori na kuipeleka kwenye kioo.

Wavamizi walikuwa 55, safu tano za kumi na mmoja. Prosesa haikuweza kuwafuta na kuwachora wote kwa mara moja, kwa hiyo ilisogeza mmoja tu katika kila picha, na picha ni 60 kwa sekunde. Kikosi kizima kikapiga hatua moja kwa karibu sekunde nzima. Lakini ukiua kumi, mzunguko unafupika. Ukibakiza watano, wanakimbia. Ukibakiza mmoja, anasogea katika kila picha, na hapo ndipo mikono inapoanza kutoa jasho. Kasi hiyo haikupangwa tangu mwanzo, ilitokana na uzito wa kazi ya kuchora. Nishikado aliiona akaiacha, naye alifanya vizuri sana, maana ndiyo inayoifanya gemu iwe na mapigo ya moyo.

Sasa njoo kwenye Atari. Kioo chake kwa upana kina nukta 160, na mistari inayoonekana ni kama 192. Tuseme unataka kuhifadhi picha yake kwa njia ya umaskini kabisa, rangi moja, biti moja kwa kila nukta. Unahitaji baiti 3,840. Hiyo ni mara 30 kamili ya memori iliyokuwamo. Na hapo hujahifadhi hata alama za mchezaji.

Waliounda mashine hii hawakuwa wazembe. Steve Mayer, Ron Milner, Joe Decuir na Jay Miner walikuwa wanatafuta kitu ambacho familia ingeweza kukinunua, na kiliuzwa dola 199. Memori ilikuwa ghali. Prosesa waliyoichagua, 6507, ilikuwa toleo lililopunguzwa la 6502, ile iliyouzwa kwa dola 25 mwaka 1975 wakati washindani walikuwa mbali sana juu. Toleo lao lilikuwa na miguu 28 ya kuunganishia waya badala ya 40, na kwa miguu michache namna hiyo haikuweza kufikia zaidi ya kilobaiti 8 za anwani. Kaseti ya gemu ilipewa kilobaiti 4. Na gemu walizokuwa nazo akilini zilikuwa mbili hasa: Pong, yaani vibao viwili na mpira, na Tank, yaani vifaru viwili vinavyorushiana risasi. Kwa hiyo chipu ya picha waliyoitengeneza ilijua vitu vitano vinavyotembea, basi: wachezaji wawili, risasi mbili, mpira mmoja. Pamoja na hivyo kulikuwa na ukuta wa nyuma wenye vipande vikubwa vikubwa, na rangi ya mandhari.

Vitu vitano. Wavamizi 36. Hapo ndipo swali lilipo.

Ili kulijibu inabidi turudi kwenye TV ya chogo. Ndani ya chogo lile kuna mwale wa elektroni unaopiga kwenye kioo kutokea nyuma. Mwale unaanza juu kushoto, unafagia kwenda kulia ukiwasha nukta, unarudi kushoto, unashuka kidogo, unaanza mstari mwingine. Kwa TV za Marekani mistari ni 262 kwa kila picha, picha karibu 60 kwa sekunde. (Kwa TV za PAL, mfumo uliotumika kwetu na Ulaya, ni mistari 312 na picha 50, ndiyo maana gemu zililazimika kurekebishwa upya kwa soko la Ulaya.) Ukiwahi kurekodi TV ya chogo kwa kamera ya simu, ukaona mkanda mweusi ukipanda au kushuka kwenye video, umeuona mwale huo ukiwa kazini. Jicho haliuoni, kamera inaukamata.

Mashine yenye memori ya picha inafanana na darasa ambalo mwalimu ameandika ubaoni. Mwanafunzi ananakili kwa mwendo wake, na mwalimu aliandika saa ngapi si hoja. Atari haikuwa na ubao. Atari ilikuwa imla. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika papo hapo, na neno lililochelewa kutamkwa limekosa nafasi yake. Prosesa ndiye mwalimu. TV ndiye mwanafunzi, na mwanafunzi huyu hainui kalamu hata mara moja. Kati yao kuna ile chipu ya picha, iliyoitwa TIA, na kazi yake ni kushikilia maneno ya mstari mmoja tu, ule unaoandikwa sasa hivi.

TIA haijui juu wala chini. Hili linahitaji kukaa vizuri kichwani, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Mchezaji kwenye TIA ni kama muhuri wa ofisini wenye nukta nane kwa upana na unene wa mstari mmoja. Ukiuacha bila kuubadilisha, utagongwa kwenye mstari huu, na unaofuata, na unaofuata, mpaka chini ya kioo, na utapata mchirizi mrefu kama wa rangi iliyomwagika ukutani. Ukitaka umbo la mvamizi, lenye pembe, macho na miguu, inabidi programu ibadilishe nukta zile nane kila mwale unapoanza mstari mpya. Pembe kwenye mstari huu, kichwa kwenye unaofuata, kisha macho, kisha miguu. Halafu futa, ili mstari ulio chini yake ubaki mtupu.

Muda wa kufanya hayo ni mdogo. Kwa kila mstari prosesa inapata mapigo 76 ya saa yake. Amri ya haraka kabisa inakula mapigo mawili, nyingine hadi saba. Kwa wastani unapata kama amri 20 kwa mstari, na mwale haukungoji. Katika kila pigo moja la prosesa, mwale umesogea nukta tatu. Kuchukua namba na kuiweka ndani ya TIA, kwa njia ya mkato kuliko zote, ni mapigo matano. Mwale umekwenda nukta 15. Mvamizi mzima ana upana wa nukta nane. Kwa hiyo kabla hujamaliza kutamka neno moja, mwanafunzi ameshaandika mvamizi na nafasi inayomfuata.

Hata kuuweka muhuri mahali pake si jambo la kuandika "weka kwenye nukta ya 70". TIA haina namba ya mahali. Unangoja mwale ufike pale unapopataka, kisha unagusa rejista fulani, yaani kijisanduku cha kupokelea amri ndani ya TIA, na kugusa kwenyewe ndiko kunakosema "hapa". Kitanzi kifupi cha kungojea kinachukua mapigo matano kila mzunguko, yaani kinaruka nukta 15 kwa 15. Ndipo kuna rejista nyingine ya kusahihisha, ya kusogeza muhuri kati ya nukta nane upande mmoja na saba upande mwingine. Nukta 15 za kuruka, hatua 16 za kusahihisha: zinafunikana bila kuacha mwanya. Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Mtu alikaa akapima hivi.

Na ndani ya TIA kulikuwa na zawadi moja ndogo, ambayo ndiyo iliyoifanya gemu yetu iwezekane. Kila muhuri ungeweza kugongwa mara moja, mbili au tatu kwenye mstari huohuo, kwa nafasi zilizopangwa tayari, bila prosesa kufanya kazi yoyote ya ziada. Ukichagua nakala tatu za nafasi ya kati, kuna nukta 32 kutoka mwanzo wa nakala moja hadi mwanzo wa nyingine. Chukua muhuri wa kwanza, ugonge mara tatu. Chukua wa pili, uanzishe nukta 16 mbele ya wa kwanza, nao ugonge mara tatu. Nakala za wa pili zinaangukia katikati ya nakala za wa kwanza: wa kwanza, wa pili, wa kwanza, wa pili, wa kwanza, wa pili. Wape rangi moja. Mchezaji aliyekaa sebuleni anaona wavamizi sita waliojipanga safu moja, kila mmoja na nafasi sawa na mwenzake. TIA inaona mihuri miwili.

Ndiyo maana safu kwenye Atari ina wavamizi sita, si kumi na mmoja. Si kwamba mtu alikaa akaamua kwamba sita wanatosha. Miwili mara tatu ni sita.

Safu inayofuata chini ni kwa mihuri ileile. Mwale ukishashuka chini ya safu ya kwanza, mihuri iko huru, unaipa umbo jipya na kuigonga tena. Mbinu hii ya kuitumia mihuri upya kadiri unavyoshuka ilikuwa imeshaonyeshwa mwaka 1977 na Larry Kaplan katika Air-Sea Battle, ambako ndege zinapita kwenye matabaka. Kwa hiyo safu sita zenye maumbo sita tofauti, na mzinga wa mchezaji chini kabisa, vyote vinatoka kwenye vitu vilevile viwili, vikibadilishwa sura kadiri mwale unavyoteremka.

Vipi kuhusu waliokufa? Sita kwenye safu, hai au mfu: biti sita, zinaingia kwenye baiti moja na nafasi inabaki. Safu sita, baiti sita. Kikosi kizima cha wavamizi 36 kinaweza kukumbukwa kwa nafasi ndogo kuliko neno "wavamizi" lenyewe, lenye herufi nane. Na ile orodha ya nakala za TIA inasaidia hapa pia. Nakala tatu za nafasi ya kati zikipoteza ya katikati, zinabaki mbili zenye nukta 64 kati yao, na mpangilio huo nao umo kwenye chipu. Ikifa ya mwisho, zinabaki mbili za nukta 32, nao umo. Ikifa ya kwanza, unasogeza muhuri.

Kuna jambo la kugongana pia. TIA yenyewe inaweza kukuambia kwamba risasi imegusa muhuri, kwa usahihi wa nukta, bila wewe kupiga hesabu. Ila haisemi imegusa nakala ya ngapi. Kwake zote tatu ni kitu kimoja. Inabidi programu itazame risasi iko wapi, itoe mahali safu inapoanzia, na igawe kwa 16 ili kujua ni mvamizi gani. Prosesa hii haijui kugawa kabisa. Lakini kugawa kwa 16 ni kusogeza biti kulia mara nne, basi. Ingekuwa nafasi ni nukta 15 au 17, kazi ingekuwa nzito mara kadhaa.

Hesabu hizo zote, za risasi, za alama, za joistiki, hazina ruhusa ya kufanyika wakati mwale uko ndani ya picha. Wakati huo mwalimu anasoma imla. Zinasubiri mwale unapokuwa nje ya kioo, juu na chini, jumla mistari 70 hivi. Mapigo 76 mara 70 ni 5,320. Mengine 14,592, karibu robo tatu ya nguvu yote ya mashine, yanaishia kwenye kuisomea TV.

Sasa angalia jinsi jambo la kasi lilivyogeuka. Kwenye kabati la Taito, wavamizi wengi maana yake ni mwendo wa polepole, kwa sababu kila mmoja ni kazi ya kumchora. Kwenye Atari, kuonyesha wavamizi 36 na kuonyesha mmoja ni gharama ileile. Mwale unapita mistari yote kila mara, iwe ina watu au haina, na safu inatembea kwa kuhamisha mihuri. Hakuna kinachopungua uzito wavamizi wakifa. Kwa hiyo ile kasi inayopanda, roho ya gemu yenyewe, haikuja na mashine. Ilibidi mtu aiandike kwa makusudi: wakibaki wachache, waende haraka. Kilichokuwa sadfa Japani kikawa uamuzi California. Kwangu mimi huu ndio ushahidi kwamba aliyeandika toleo la Atari alielewa gemu ile ni nini, hakuinakili tu.

Aliyeandika ni Rick Maurer. Alikuwa ametoka kampuni ya Fairchild, alikoandika gemu za mashine yao ya Channel F. Alianza kazi hii baada ya kuiona Space Invaders ikiwa bado mpya, wenzake hawakuonyesha hamu, akaiweka pembeni. Kumbi zilipofurika ndipo akairudia. Kaseti ikatoka 1980, kwa leseni rasmi kutoka kwa wenye gemu, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa mashine za nyumbani hapo kabla, na ikavuka nakala milioni. Watu walinunua mashine nzima kwa ajili ya kaseti hiyo moja. Jina la Maurer halikuwa kwenye kasha. Atari ya wakati huo haikuwataja waandishi wake, na hilo ni miongoni mwa yaliyowaudhi wanne kati yao, Kaplan akiwamo, hadi wakaondoka 1979 na kuanzisha Activision.

Kasha lenyewe lilijivunia gemu 112. Namba hii imewachanganya wengi, wakidhani kuna hatua 112. Ni hivi: ngao zinaweza kutulia au kutembea. Mabomu yanaweza kushuka wima au kwa mikunjo. Yanaweza kuwa ya polepole au ya haraka. Wavamizi wanaweza kuonekana au kutoonekana. Maswali manne ya ndiyo au hapana, yaani namna 16. Kisha kuna mipangilio saba ya wachezaji, kuanzia mtu peke yake hadi wawili wanaocheza kwa zamu au kwa pamoja. Kumi na sita mara saba ni 112. Kwa programu ni biti nne na orodha fupi. Kwa mtoto mwenye kaseti moja tu nyumbani, ilikuwa miezi ya kucheza. Wavamizi wasioonekana wanatisha kweli.

Ili kujua Maurer alifanikiwa kiasi gani, tazama gemu ambazo hazikuwa na bahati ya kujipanga safu. Mawe ya Asteroids yanaelea ovyo, hayafuati mistari, na Brad Stewart alipoyaleta Atari 1981 alihitaji kaseti ya kilobaiti 8 yenye ujanja wa kubadilisha kurasa, yaani kuionyesha mashine kilobaiti 4 kwa zamu, na bado vitu vinamemetuka. Pac-Man ya Tod Frye, 1982, ina mazimwi manne yanayoweza kuwa popote, kwa hiyo yanaonyeshwa kwa zamu, na wachezaji walilalamika juu ya kumemetuka kwake mpaka leo. Sidhani ni haki kumlaumu Frye peke yake. Gemu ile ilikuwa inadai kitu ambacho TIA haina. Wavamizi wanatembea kwa safu, na safu ndiyo lugha pekee TIA inayoijua vizuri.

Siku hizi kuna programu ya bure iitwayo Stella, jina ambalo lilikuwa la siri la mashine hii ilipokuwa inaundwa, kutokana na baiskeli ya Decuir. Inaigiza Atari kwenye kompyuta, na ina sehemu ya kuisimamisha na kuisogeza mstari mmoja mmoja. Niliifungua usiku mmoja, nikacheza hadi akabaki mvamizi mmoja, akiruka upande hadi upande karibu na ardhi. Nikasimamisha. Nikaanza kubonyeza mstari kwa mstari. Juu ya kioo, pale zilipokuwa safu za wenzake, mwale ulipita mtupu, mstari baada ya mstari, prosesa ikihesabu mapigo yake 76 kila mara bila kukosa. Kisha ukafika kwenye safu yake. Zikatokea nukta za kichwa. Nikabonyeza, yakaja macho. Nikabonyeza, ikaja miguu. Nikabonyeza tena, muhuri ukafutwa, na chini yake ukaanza mstari mweusi.